Walowezi wa Mayflower 1620: waliandikiana sheria kwa kupenda uhuru au kwa kuogopana?

#1 Kalamu ya Kigoma (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Tarehe 11 Novemba 1620 meli ya Mayflower ilikuwa imetia nanga kwenye ncha ya Cape Cod, hapo ambapo leo ni mji wa Provincetown, Massachusetts. Ilikuwa imebeba abiria 102 kutoka Uingereza. Siku hiyo wanaume 41 walitia saini hati fupi mno, mtu anaimaliza kabla chai haijapoa. Walikubaliana kuwa jamii moja ya kiraia, watatunga sheria za haki zinazomhusu kila mtu, watachagua viongozi, na kila mmoja atazitii. Baada ya hapo wakamthibitisha John Carver kuwa gavana wao.

Watu wengi huitaja hati hii kama mbegu ya demokrasia ya Marekani. Mimi napinga. Naona ilikuwa hati ya hofu. Kibali walichopewa London kilikuwa cha kuishi upande wa kaskazini wa Virginia, karibu na mdomo wa Mto Hudson, na wao wakajikuta mbali kabisa, nje ya mipaka ya kibali. William Bradford, ambaye alikuwemo melini na baadaye akawa gavana, anaeleza kwamba baadhi ya abiria walianza kutamka maneno ya uasi: tukishuka kila mtu afanye anavyotaka, maana hapa hakuna mwenye mamlaka juu yetu. Ndipo hati ikaandikwa. Kwangu mimi hiyo ni kamba ya kufungia watu wasitawanyike.

Karibuni kwa hoja.

#2 Bint Pangani
Asante kwa uzi, mkuu. Ila umeruka swali ambalo mtu wa pwani angeanza nalo: kwa nini hawakusogea tu mpaka Hudson?

Walijaribu. Walipoiona nchi kavu tarehe 9 waligeuza meli kusini. Kabla siku haijaisha wakaingia kwenye mafungu ya mchanga na mawimbi yanayovunjika, jua linaelekea kuzama, na upepo unawaangusha. Nahodha Christopher Jones na wenzake wakaona ni heri warudi wakajifiche nyuma ya rasi. Mtu aliyewahi kukaa kwenye jahazi maji yakiwa yanavunjika juu ya mchanga hatawalaumu. Kwa hiyo chanzo cha kwanza cha hati hiyo ni bahari. Ule mchanga ungekuwa maili kumi pembeni, pengine leo tusingekuwa na cha kujadili.

#3 Mwanasheria wa Kata
Kalamu, unaita hofu, mimi naita pengo la kisheria.

Kibali chao kilitokana na Kampuni ya Virginia. Nje ya eneo la kampuni hiyo, kile kibali hakimlazimishi mtu yeyote. Wale waliosema "hakuna mwenye mamlaka juu yetu" msiwaone wahuni tu, walikuwa na hoja ambayo ingesimama mbele ya hakimu. Viongozi wakalijua hilo, wakaziba pengo kwa njia pekee waliyokuwa nayo, yaani ridhaa ya watu wenyewe.

Halafu angalieni maneno yake. Inaanza kwa jina la Mungu, inafuata na utiifu kwa Mfalme James. Hakuna neno la kujitenga na mfalme humo. Kilikuwa kiraka cha muda wakati wanasubiri karatasi halali, nayo ilifika: meli ya Fortune ilipokuja Novemba 1621 ilileta kibali kipya kutoka Baraza la New England. Hati ya kifalme ya kwao wenyewe hawakuipata kamwe, na mwaka 1691 koloni lao la Plymouth, walikohamia kutoka Cape Cod, likaunganishwa na Massachusetts. Huo ndio ukomo wa karatasi isiyo na muhuri wa mfalme.

#4 Mjukuu wa Chifu
Mnawaonea. Hawa ndio Waingereza wa kwanza kufika Marekani na ndio waliowafundisha wengine kupiga kura. Heshima yao tuwape.

#5 Daftari la Kale
Mjukuu wa Chifu, hapana. Jamestown huko Virginia ilianza 1607, miaka 13 kabla ya Mayflower. Hata baraza la wawakilishi waliochaguliwa lilikaa Jamestown kwanza, tarehe 30 Julai 1619.

Tofauti iko hapa: lile baraza la Jamestown liliitishwa kwa maagizo ya kampuni kutoka London. Mamlaka yalishuka kutoka juu. Kule Cape Cod hakuna bosi aliyeagiza kitu. Watu walikaa chini ya sitaha wakajipa mamlaka wao kwa wao. Ndiyo maana hati ndogo vile inaongelewa kuliko baraza zima.

#6 Mchungaji Mstaafu
Bwana asifiwe, wapendwa. Niruhusuni kuleta upande ambao hamjaugusa.

Kiini cha kundi lile kilitoka Scrooby, kijiji cha kaskazini mwa Uingereza. Walikataa kanisa la serikali, wakakimbilia Uholanzi, na tangu 1609 wakaishi Leiden. Kanisa lao liliundwa kwa agano: waumini wanasimama mbele ya Mungu na kuahidiana kutembea pamoja. Askofu hawapangii, mfalme hawapangii. Watu waliozoea kuunda kanisa namna hiyo, kuunda serikali namna hiyo hakuwapi shida.

Tena mchungaji wao, John Robinson, aliyebaki Leiden, aliwaandikia barua ya kuwaaga. Humo aliwaambia kwamba watakuwa jamii yenye serikali ya kiraia, na kwa kuwa hawana mtu mwenye cheo kikubwa kuwazidi wengine, wachague watu wanaopenda manufaa ya wote na kisha wawaheshimu waliowachagua. Barua hiyo ilisomwa kabla hawajavuka bahari. Kwa hiyo wazo lilikuwepo miezi kadhaa kabla ya ugomvi wa melini. Ugomvi uliharakisha tu, haukuzaa.

#7 Kalamu ya Kigoma
Mchungaji, shikamoo. Barua ya Robinson ni hoja nzito na sikuitegemea.

Lakini nisaidie hapa. Waumini wa Leiden hawakuwa abiria wote. Wengi wengine walikusanywa na wafanyabiashara wa London waliotoa mtaji wa safari: mafundi, watumishi, familia zilizotafuta maisha. Agano la kanisa haliwahusu hao. Na bado waliwekewa karatasi wasaini, hadi watumishi kadhaa. Ingekuwa agano la kiroho, asiye muumini angesainishwa kwa lipi? Walisainishwa kwa sababu ndio walioogopwa.

#8 Fundi Charahani
Naunga mkono hoja ya Kalamu, na mfano ninao.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilianza kwa kuaminiana. Hisa kila Jumamosi, sanduku lenye funguo tatu, katiba tukasema tutaandika baadaye. Mwanachama mmoja akakopa, muda ukapita, akaulizwa. Akajibu mbele ya watu wote, "Nionyesheni nilikosaini." Tulikaa kimya wote. Wiki hiyo hiyo katiba ikaandikwa, kila mtu akaweka saini, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Hakuna aliyekuwa anawaza demokrasia siku ile. Tulikuwa tunawaza sanduku.

Na mtaji ulikuwepo hata kwa Mayflower. Wale wafanyabiashara walitaka faida, na ingepatikana tu kama watu wangebaki pamoja wakafanya kazi kwa miaka saba ya makubaliano yao. Wakitawanyika msituni, deni linalipwa na nani?

#9 Baharia wa Mtwara
Kuna mtu hamjamtaja, naye ndiye anayenisisimua kuliko wote: Stephen Hopkins.

Mwaka 1609 meli ya Sea Venture ilikuwa ikielekea Jamestown, ikapigwa na dhoruba ikakwama Bermuda. Abiria wakabaki kisiwani miezi mingi chini ya gavana. Mmoja wao, Stephen Hopkins, akaanza kuwaambia wenzake kwamba mamlaka ya gavana yalikwisha pale meli ilipovunjika, kwa sababu mkataba wao ulikuwa wa Virginia, na pale si Virginia. Akashtakiwa kwa uasi, akahukumiwa kifo. Alilia, akataja mke na watoto, watu wakamwombea, akasamehewa.

Miaka 11 baadaye kwenye Mayflower yumo Stephen Hopkins, na wanahistoria wengi wanakubali ni yeye yule. Si mtu wa kanisa la Leiden. Na hoja inayozagaa melini ni ile ile: kibali ni cha kwingine, hapa hatuamriwi. Safari hii hakuna aliyesomewa hukumu ya kifo. Wakaandika makubaliano, na Hopkins akasaini pamoja nao.

Sisemi yeye ndiye aliyeanzisha maneno, Bradford hakutaja majina. Ila mtu aliyenusurika kunyongwa kwa hoja hiyo alikuwa amekaa kwenye mkutano huo. Najiuliza alisema nini.

#10 Bint Pangani
Baharia umeniamsha usingizini! Kalamu, uzi wako unaponyokea mikononi, shikilia kiti.

Swali: wanaume 41 walisaini. Wanawake je?

#11 Mama Wawili Dodoma
Hawakusaini, dada. Hakuna hata mmoja. Sheria za Uingereza za wakati huo zilimhesabu mke ndani ya mumewe.

Lakini watazameni wenyewe. Elizabeth Hopkins, mke wa huyo Hopkins, alijifungua mtoto katikati ya bahari, wakamwita Oceanus. Susanna White alijifungua Peregrine meli ikiwa bado imetia nanga Cape Cod. Dorothy, mke wa Bradford, alianguka majini akafa maji mwezi Desemba, mumewe akiwa ametoka na mashua kutafuta mahali pa kujenga. Halafu baridi na maradhi yakaingia, na karibu nusu ya abiria wote walikufa kabla mwaka wa kwanza haujatimia. Kwa wanawake waliokwisha kuwa watu wazima vifo vilikuwa vingi zaidi. Hawa ndio waliobeba koloni mgongoni, na kwenye karatasi ya "sisi tuliotia saini" hawamo. Mnapoiita ridhaa ya watu, semeni ni watu gani.

#12 Kijana wa Mbalizi
Samahani wakuu, mimi nimeona mahali pengine wanasema tarehe 21 Novemba. Ipi sahihi?

#13 Daftari la Kale
Zote mbili, kijana. Uingereza ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani ya Julius mpaka 1752, nayo ilikuwa nyuma siku 10 wakati huo. Kwa kalenda yao ni 11, kwa kalenda yetu ya leo ni 21. Hati yenyewe imeandikwa 11.

#14 Mswahili wa Worcester
Wakuu salaam kutoka Massachusetts. Niongeze ninachokiona huku.

Provincetown kuna mnara mrefu wa mawe ya itale, una futi 252, uliozinduliwa 1910 kwa ajili ya hao hao. Plymouth kuna Mayflower II, nakala ya meli iliyojengwa Uingereza na kuvushwa bahari mwaka 1957. Nilishuka chini ya sitaha na wanangu. Dari iko chini kiasi kwamba mtu mzima anatembea ameinamisha shingo, mwanga unaingia kwa kubahatisha, na upana wake mtu akinyoosha sauti kidogo tu, wa upande wa pili anasikia. Ukisimama mle unaelewa maneno ya uasi yalivyosambaa. Hapakuwa na pa kunong'onea. Nadhani hilo nalo ni sababu: walikuwa wamebanana zaidi ya miezi miwili, siri haikuwezekana, ikabidi mambo yajadiliwe hadharani.

Jambo la pili. Siku ya Shukrani huku watu wanakula bata mzinga, lakini tangu 1970 kuna Waamerika wa asili wanaokutana siku hiyo hiyo pale Cole's Hill, juu ya bandari ya Plymouth, kufanya Siku ya Kitaifa ya Maombolezo. Nilikwenda kuwasikiliza. Mzee mmoja alizungumza kwa upole lakini niliondoka siwezi kula.

#15 Mjukuu wa Chifu
Hapo sasa Mswahili umegusa penyewe. Posti kumi na nne tunajadili nani alikubaliana na nani, na wenye nchi hawajatajwa hadi sasa!

Pwani ile ilikuwa ya Wawampanoag. Kati ya 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na meli za Ulaya yaliwafyeka watu kwa maelfu. Plymouth ilijengwa juu ya kijiji cha Patuxet ambacho watu wake walikuwa wamekufa, mashamba yameshalimwa na kuachwa. Tisquantum, yule aliyewafundisha walowezi kupanda mahindi, alikuwa mtu wa kijiji hicho hicho. Alitekwa na Mwingereza mwaka 1614, akapelekwa kuuzwa Hispania, akahangaika mpaka akarudi, akakuta kwao hakuna mtu.

Na siku chache baada ya kutia saini ile hati ya sheria za haki, walowezi walishuka Cape Cod wakafukua mahindi yaliyohifadhiwa ardhini kwenye vikapu, wakayachukua. Waliandika wenyewe, na waliandika pia kwamba wakikutana na wenyewe watalipa. Lakini walichukua kwanza. Sheria yao iliishia kwenye ngazi ya meli.

#16 Mwanasheria wa Kata
Mjukuu, Machi 1621 waliweka mkataba na Massasoit, kiongozi mkuu wa Wawampanoag. Hakuna kumdhuru mwenzako, vilivyochukuliwa virudishwe, mmoja akivamiwa mwingine amsaidie. Amani hiyo ilidumu zaidi ya miaka 50.

Lakini nakiunga mkono kiini chako, kwa sababu kuna kifungu kinachosema mtu wa Massasoit akimdhuru Mwingereza atapelekwa kwa Waingereza waadhibu. Kifungu cha kinyume chake hakipo. Hukumu imekaa upande mmoja tangu mwanzo. Na mwisho mnaujua: vita vya 1675 hadi 1676, Metacom, mtoto wa Massasoit, akauawa, kichwa chake kikawekwa juu ya mti Plymouth kikakaa miaka mingi. Hao waliofanya hivyo ni wajukuu wa waliosaini.

#17 Chemchemi ya Ujiji
Hili la kukubaliana wenyewe huku mwenyeji yuko nje limetokea hata Afrika. Liberia ilijitangaza 1847 ikiwa na katiba iliyopitishwa na walowezi weusi waliotoka Marekani, watu walioonja utumwa au waliozaliwa na walioonja. Wenyeji wa nchi hiyo hawakuhesabiwa raia mpaka 1904. Kwa hiyo tusimalize yote kwa rangi. Ukishachora duara la "sisi", aliye nje ataumia hata kama mchoraji naye aliumizwa jana.

#18 Fundi Charahani
Turudi melini kidogo. Sheria ziliwabana walewale waliosaini au ilikuwa mapambo?

#19 Daftari la Kale
Ziliwabana, Fundi. John Billington ni miongoni mwa wale 41. Familia yake ilikuwa na vurugu tangu melini. Mwanawe Francis alifyatua bunduki ndani ya chumba karibu na pipa la baruti lililo wazi, nusura awalipue wote. Mwaka 1621 Billington mwenyewe alimtukana kapteni Myles Standish, akahukumiwa kufungwa shingo na visigino pamoja, akaomba msamaha akaachiwa. Mwaka 1630 alimpiga risasi John Newcomen, akafa. Akashtakiwa mbele ya juri, yaani raia walioteuliwa kusikiliza shauri, akanyongwa.

Kumbukeni Bradford hakuwa na uhakika kama koloni lina mamlaka ya kumuua mtu. Alitafuta ushauri wa viongozi wa koloni jirani la Massachusetts Bay, John Winthrop akiwemo, kabla ya kutekeleza. Miaka kumi baada ya hati, swali la "nani ametupa mamlaka" lilikuwa bado linamnyima gavana usingizi.

Na watumishi wawili wa Hopkins, Edward Doty na Edward Leister, nao wametia saini. Juni 1621 walipigana kwa upanga na kisu, wakafungwa kichwa na miguu pamoja. Saa moja haikufika, Hopkins akawaombea wakafunguliwa.

#20 Baharia wa Mtwara
Hopkins tena! Aliyeombewa Bermuda anawaombea watumishi wake Plymouth. Daftari, ubarikiwe.

#21 Kijana wa Mbalizi
Hati yenyewe iko makumbusho gani? Nitamani kuiona hata kwa picha.

#22 Daftari la Kale
Haipo, kijana. Ya asili ilipotea. Maneno yake tunayo kwa sababu yalichapishwa London 1622, na Bradford akayanakili kwenye kitabu chake cha mkono. Majina ya waliosaini yalichapishwa baadaye zaidi, 1669, na Nathaniel Morton. Hata kitabu cha Bradford kilitoweka wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, kikaja kugundulika katika maktaba ya Askofu wa London miaka ya 1850, kikarudishwa Massachusetts 1897. Picha za karatasi yenye saini unazoziona mitandaoni zimetengenezwa baadaye.

#23 Mchungaji Mstaafu
Kalamu aliuliza kwa nini wasio waumini walisainishwa, na sijamjibu. Kwa sababu Robinson alizungumzia serikali ya kiraia, na kanisa akaliweka kando yake. Walijua watakaa na watu wa imani nyingine. Walichukua njia ya agano wanayoijua, wakaifungulia mlango jirani asiyesali nao. Kwangu hapo ndipo penye ukuu. Hofu pekee ingewafanya wamfunge jirani minyororo. Wao walimpa kalamu.

#24 Kalamu ya Kigoma
Mchungaji, walimpa kalamu kwa sababu minyororo haikutosha. Walikuwa wachache, wamechoka, baridi inaingia, na wanawahitaji wale mafundi. Bado nasimama kwenye hofu. Ila nakubali hofu hiyo iliwakuta na barua ya Robinson mkobani, na watu wengine wenye hofu hawana barua ya namna hiyo.

#25 Bint Pangani
Mwanasheria wa Kata, nina swali lako na usinikwepe. Ulisema hati ile ni kiraka cha muda mpaka kibali kifike. Mwaka 1636 Plymouth walikaa kukusanya sheria zao kuwa kitabu kimoja. Kibali walikuwa nacho, cha 1621 na kingine cha 1630. Walianza kwa kusoma nini?

#26 Mwanasheria wa Kata
Walisoma vyote, dada. Makubaliano ya Cape Cod na vibali. Na humo wakaandika kwamba sheria au kodi haitawekwa bila ridhaa ya raia huru wa koloni.

#27 Bint Pangani
Kipi kimetajwa kwanza?

#28 Mwanasheria wa Kata
Makubaliano ya Cape Cod.